Lita Ishirini

Bandarini karani aliniuliza: Mnakwenda msibani?
Hapana.
Harusi, basi.
Hapana.
Mna mgonjwa Bukavu?
Akaweka kalamu chini, akanitazama,
akawatazama wanangu watatu, wawili wamenipita urefu,
kisha akauliza polepole, kama anayembembeleza kichaa:
Sasa mnakwenda kufanya nini?
Kupanda meli, nikasema. Kwenda na kurudi.

Miezi kumi na minne ya likelemba.
Zamu yangu ilipofika, Mama Katungu alidhani nitanunua mabati.
Mabati yangu yanavuja mahali pamoja tu.
Tunapajua. Tunaweka sufuria.

Mugisho ana miaka kumi na saba na hataki kuonekana nami.
Alitembea hatua kumi mbele,
jaketi la kujiokoa kalitundika bega moja
kana kwamba anampelekea mtu.
Nsimire alitia visikizi masikioni kabla kamba hazijafunguliwa.
Akonkwa, kitinda mimba wangu, ndiye aliyeuliza:
Chini yetu kuna mita ngapi?
Baharia akamjibu mia nne na ushei,
nami nikatamani asingeuliza.

Ziwa hili wanalijua tangu wana miaka sita.
Wanalijua kwa shingo: bidoni la njano, lita ishirini,
kutoka ufukoni hadi mlangoni
juu ya mawe ya volkano yanayokula kandambili.
Wanalijua kama foleni, kama ugomvi,
kama mgongo ulioloa asubuhi ya mtihani.
Na usiku ule mlima ulipopasuka
tulilifuata kandokando hadi Sake, godoro kichwani,
hakuna aliyegeuza uso kulitazama.
Nilitaka waliangalie mikono ikiwa mitupu.
Nilitaka, mara moja tu,
lenyewe ndilo liwabebe.

Saa mbili usiku honi ikalia, Goma ikaanza kurudi nyuma.
Wekundu wa mlima ukapanda tumboni mwa mawingu.
"Kutoka huku ni mdogo," akasema Mugisho.
Ndilo neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Kisha mtandao ukakatika.
Nsimire akainua simu, akaishusha, akaigonga kiganjani,
akanikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyeumeza.
Karibu na Idjwi upepo ukatupiga ubavuni,
akatapika sombe yote
kwenye mfuko wa sukari niliouweka akiba.
Na Mugisho, yule asiyenifahamu,
akamshikia misuko nyuma kwa mkono mmoja,
wa pili umeng'ang'ania chuma.
Sikusema kitu. Nilijifanya nimelala.
Kuna mambo mama akiyasifu anayavunja.

Usiku wa manane tukawapita wavuvi wa sambaza.
Waliimba ili makasia yasipishane,
taa zao zikichezacheza juu ya maji,
Akonkwa akazihesabu hadi sitini na tatu
kisha akasinzia begani pangu,
mzito, jamani,
mzito kuliko bidoni.

Alfajiri Bukavu ikajitokeza, vidole ndani ya maji,
nyumba zimepandana mabegani.
Watu wakasimama kabla ya wakati,
wakasukumana na kuku wao na magunia yao.
Sisi tulibaki tumekaa.
Simu ya Nsimire ililia mfukoni mara nne, mara tano.
Hakuitoa. Midomo imemkauka,
anachungulia povu likitulia ubavuni mwa meli,
akauliza kama anayedai chenji:
"Tunarudi usiku, au mchana?"
Mchana, nikasema.
"Basi mimi nakaa upande wa kisiwa."
"Nani kasema?" akadakia Mugisho.
Na hapo hapo, mbele ya abiria wote,
wakaanza kugombea dirisha.